Mwaka wa Sindano za Maji

Walicheka. Kwenye matanga ya mzee Lukali, hapa Kasongo, mjukuu wake alisimama mbele ya watu akasimulia kwamba babu yake, aliyekuwa muuguzi tangu zamani za Wabelgiji, alikuwa na mkono mwepesi hata akipiga watu sindano za maji matupu walikuwa wanapona. "Maji tu!" alisema kijana. "Na wazee wetu wanainuka, wanacheza!" Basi watu wakacheka, na padri naye akacheka, na mimi niliyekuwa mkekani pamoja na wanawake wenzangu nikasikia damu inanipanda kichwani. Niliinuka nikaondoka. Binti yangu alinikimbilia mpaka barabarani. "Mama, iko nini? Watu wanakuangalia." Waniangalie! Nimefika umri wa kuondoka matangani bila kuomba ruhusa ya mtu. Lukali nilimpenda, na asubuhi ile nilimlilia kwa machozi ya kweli, lakini kicheko kile hakikuwa cha kwake. Nilikisikia mara ya kwanza nikiwa msichana, kikitoka kinywani mwa mzungu mwenye koti jeupe, na aliyekuwa akichekwa alikuwa kaka yangu.

Mwaka ule uhuru ulikuwa bado haujawa hata neno la kunong'onezana. Nilikuwa kwa masista, najifunza kushona na Kifaransa kidogo, habari iliponifikia kwamba yaya Assani ameumia kwenye machimbo ya dhahabu, huko milimani kupita Salamabila, na anahitaji mtu wa kumpikia. Yaya ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa kwetu. Ukuta wa shimo ulikuwa umemporomokea mgongoni. Wenzake walimfukua akiwa hai, na kwa nje hakuwa na jeraha la maana, mikwaruzo tu, lakini hakuweza kukaa, hakuweza kujigeuza, na miguu yake ilikuwa inawaka moto tangu kiunoni mpaka vidoleni. Hospitali ya kambi ilimpa kitanda. Chakula kilikuwa mzigo wa ndugu. Chumba cha wanaume kilikuwa kirefu, kimepakwa chokaa, na vitanda vya chuma vimekaribiana hata mgonjwa mmoja akikohoa jirani yake anafuta shavu. Mwishoni kulikuwa na mlango uliofungwa, na nyuma yake chumba cha Wazungu, chenye pazia na kabati la dawa. Nyuma ya jengo, chini ya bati lililotoboka, sisi wanawake tulipika: bugali, sombe ya majani ya muhogo, mbika ya mbegu za maboga, na wali siku ambayo mtu amepata mgeni kutoka Kasongo. Moshi uliingia wodini pamoja na harufu ya mawese, na wanaume walikuwa wanataja kwa pua tu nani amepika nini. Yaya hakutaja kitu. Siku za kwanza nilimkuta ameuma kona ya shuka, jasho limemlowesha, na sombe yangu imepoa pale pale nilipoiacha.

Jambo lililokuwa mbele yetu lilikuwa moja, na kila mtu wodini alilijua. Yaya alikuwa amefungwa na mkataba. Daktari akisema ameumia, ataachiliwa arudi kwetu Kabambare akapumzike mpaka mgongo uunge. Akisema ni mzima, atarudi shimoni kusukuma toroli la mawe na mgongo ule ule. Daktari huyo wagonjwa walimwita Bwana Hapana, kwa sababu hilo ndilo neno la Kiswahili alilolijua vizuri kuliko yote. Alipita asubuhi, alimbonyeza yaya mgongoni kwa vidole viwili kama mtu anayechagua parachichi sokoni, hakuona mfupa uliotokeza nje, akaenda zake. Siku iliyofuata alimtuma Lukali na sindano.

Lukali wakati huo alikuwa kijana, mtoto wa Kasongo, kaptura imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Wauguzi wengine walipiga sindano wakiwa wima, huku wanaangalia kitanda kinachofuata. Yeye aliketi ukingoni mwa kitanda, akaweka mkono wake begani kwa yaya, akauliza habari za nyumbani. "Assani, kwenu Kabambare upande gani?" Yaya akamjibu kwa shida kwamba ni ng'ambo ya mto Luama, kwenye njia ya Lusangi. "Naijua ile njia. Sasa sikiliza. Hii dawa inaingia hapa, inashuka polepole. Kwanza utasikia joto. Kisha ule moto wa miguu utaanza kutoka, utatokea kwenye vidole. Usishindane nao. Uache utoke." Nilikuwa nimesimama pale pale, sikusimuliwa. Niliona uso wa yaya ukilegea, kunjo moja baada ya nyingine. Shuka ikamtoka mdomoni. Alilala, na alipoamka aliomba chakula, akaonja, akanitazama. "Feza, hii sombe haina chumvi. Masista walikufundisha kupika kwa kusali tu?" Nilicheka mpaka nikalia. Sikuwa nimesikia utani wake tangu nifike.

Hapa lazima nieleze desturi yetu, kwa maana bila hiyo ubaya wenyewe hauonekani. Kwetu mtu akipewa dawa hasemi "bado". Anasema "nimepona", tena anasema kabla mganga hajafunga mfuko wake, hata kama anaungua. Bibi yetu alitufundisha hivyo tangu tukiwa wadogo wa kupigwa chale za kifua. Dawa ni mgeni, alisema. Mgeni anakaribishwa mlangoni, na ukimwambia bado atageuza njia arudi alikotoka. Tena kumwambia mganga bado ni kumtukana mbele ya dawa yake. Kinywa kinatangulia, mwili unafuata. Kila mtu kwetu anajua hivyo, na kila mganga anajua kwamba "nimepona" ya mgonjwa si taarifa, ni heshima na ni maombi. Akitaka kujua ukweli atamtazama anavyoinuka, au atamuuliza mke wake nje. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu duniani asiyejua hilo.

Basi siku chache baadaye, Lukali amekwisha kupiga sindano yake ya asubuhi, Bwana Hapana aliingia na Bwana wa kazi, yule mzungu aliyesimamia mashimo, kofia mkononi, haraka usoni. Mimi nilikuwa nimeinama napangusa sakafu chini ya kitanda. "Wewe," Bwana Hapana alimwambia yaya, "sindano iko muzuri?" Yaya akajikokota akainua kichwa, maana hajibu mkubwa akiwa amelala. "Iko muzuri sana, Bwana. Nimepona. Aksanti." "Maumivu?" "Nimepona, Bwana." Hapo ndipo alipocheka. Akamgeukia mwenzake akasema kwa Kifaransa, bila kushusha sauti, maana nani alikuwepo wa kumsikia? Alisema ni maji. Maji na chumvi kidogo, hakuna kitu kingine ndani. Kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba maisha yangu yote: maumivu yanayoondoka kwa maji hayakuwepo. Bwana wa kazi akauliza, "Kwa hiyo anajifanya?" Akajibiwa kwamba wote wanajifanya, ila huyu amejifunua mwenyewe, atapigwa sindano tena kesho ili pasiwe na shaka, na Jumatatu atarudi kazini. Yaya alikuwa anatabasamu. Hakuelewa neno, aliona tu daktari amefurahi, akafikiri furaha ile ni kwa ajili yake.

Hata leo nalikumbuka tabasamu lile. Hayakuwepo! Mtoto akianguka, mama akampuliza goti, mtoto akanyamaza, je, goti halikuchubuka? Ukisikia harufu ya mbika mate yakajaa kinywani kabla sahani haijafika, je, ulikuwa hujasikia njaa? Mjukuu wangu anayesomea uuguzi ananiambia kwamba siku hizi jambo hili linajulikana, linafundishwa darasani: mtu anayetarajia nafuu, na anayeshikwa vizuri na anayempa dawa, maumivu yake yanaweza kupungua kweli hata kama ndani ya sindano hamna dawa, na huyo si mwongo wala si mjinga. Ananieleza kwa upole, kama mtu anayenipa zawadi. Namwambia asante mwanangu, lakini mimi sikungoja darasa. Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake, na yule bwana alikuwa anasimama mbele ya kitanda anamwambia aliyelala kwamba kunguni hamna.

Nilimkuta Lukali nyuma, anachemsha mabomba ya sindano kwenye sufuria. "Infirmié," nikamwita, kama wote walivyowaita wauguzi, "ile sindano ya yaya iko na nini ndani?" Akageuza mabomba kwa koleo. "Usinizunguke. Nimesikia kwa masikio yangu." Akaweka chini koleo lake. "Ni maji ya chumvi. Ile ya kweli iko kabatini, ufunguo uko mfukoni kwa Bwana Hapana. Ni ya Wazungu. Nikiombea mutu mweusi, jibu ni lile jina lake." Nikamwambia basi wewe unadanganya watu, na hakukasirika, na hilo likaniudhi zaidi. "Mwanzo miye pia nilifikiri nadanganya," alisema. "Lakini nimeshika mikono yao, Feza. Mutu anakuja moyo unadunda mbio, kisha unatulia chini ya vidole vyangu. Anaweza kusema nimepona kwa adabu. Moyo unadunda kwa adabu ya nani? Yaya yako anaumwa kweli, na nafuu anaipata kweli." "Basi mwambie Bwana Hapana hivyo! Mwambie na lile neno letu maana yake ni nini!" "Nilimwambia, kwa mugonjwa mwingine. Aliniambia kazi yangu ni kushika sindano, si kushika maneno." Nilimtazama na kaptura yake iliyopigwa pasi, nikatamani kumwagia yale maji ya moto.

Nilirudi kwa yaya. Sikutaka kumwambia kila kitu. Nilitaka tu kesho asijibu "nimepona". Nilimwambia, "Yaya, wakikuuliza, sema bado unaumwa." Alishtuka kama nimemwambia avue nguo mbele ya watu. "Nimutukane munganga? Dawa ikikimbia utaniletea nyingine? Loo, kusoma kumekuharibu, weye." Nikamweleza habari ya Jumatatu na toroli. Akasema Mungu yupo, dawa inafanya kazi, mpaka Jumatatu pengine atakuwa amesimama. Mbishi yule! Angesema nimepona mbele ya malaika wa mauti. Hapo nikaona njia imebaki moja, na njia yenyewe ni kisu. Nikimwacha, atarudi shimoni akishukuru. Nikimwambia, nitamnyang'anya kitu pekee kinachompa usingizi. Nilimwambia.

"Maji?" "Maji, yaya." Aliangalia bati juu. "Lakini nilisikia joto linashuka." "Najua." "Nilisikia moto unatoka kwenye vidole, Feza. Hapa." "Najua, nilikuona." Akauliza kwa sauti ndogo kama mwili wake ni mjinga. Nikamwambia mwili wako si mjinga, wajinga ni wao. Akageuza uso ukutani, yeye ambaye kugeuka kulimtoa machozi, akasema, "Ungeniacha nilale siku moja tena." Watu niliowasimulia huniuliza kama najuta. Sijuti! Wanaouliza swali hilo wamekosea nyumba. Mimi nilikuwa msichana aliyetoka kushona leso, nani alinipa kuchagua kati ya usingizi wa ndugu yangu na mgongo wake? Kamuulizeni mwenye ufunguo.

Asubuhi Bwana Hapana alisimama mwenyewe miguuni pa kitanda. Kwa hiyo Lukali hakuketi ukingoni, hakuuliza habari za Luama, hakusema chochote juu ya joto wala vidole, alichoma, akatoa. Yaya alisubiri. Namwona mpaka leo, amefumba macho, anautafuta ule moto utoke, anautafuta kwa nguvu zake zote, na haukutoka. Akauma shuka. "Maumivu?" "Iko, Bwana," yaya akasema, na najua neno lililofuata lilimgharimu kuliko maumivu yenyewe. "Bado. Iko mingi." Bwana Hapana akafurahi tena. "Jana wewe napona, leo wewe bado. Dawa moja! Wewe mwongo." Unaona mchezo huo? Akipata nafuu kwa maji, hakuumwa. Asipopata, ni mwongo. Nilisimama na Kifaransa changu cha masista, nikamwambia kwamba kwetu mgonjwa husema nimepona kwa heshima, na kwamba kaka yangu anaumwa. Alinitazama kama mbuzi ameongea. Hakunijibu mimi; alimuuliza Lukali nani ameruhusu huyu msichana kuingia wodini. Nikatolewa nje.

Jumatatu lori lilimpeleka shimoni. Alisukuma toroli, wenzake waliniambia, akiwa ameuma kitambaa, na hakumwambia mtu yeyote bado tena. Kabla wiki haijaisha miguu ilikataa katikati ya njia, akaanguka na mawe yake, na miguu ile haikuinuka tena mpaka anazikwa. Hapo ndipo walipoamini. Mtu asiyesimama hana kazi kwao, mkataba ukavunjwa kwa dakika moja, wao waliokuwa hawawezi kuuvunja, na wanaume wakambeba kwa machela mpaka Kabambare.

Tulimlaza chumba cha mbele, kitanda cha mianzi kikielekea mlango, ili aone uwanja na kuku na nani anapita. Bibi alimkanda kwa majani ya moto, na kila mara yaya alisema nimepona, na bibi alitoka nje kulia nyuma ya jiko. Mimi nilikuwa na hasira hata na jua. Siku moja mchana, mvua imekatika, baiskeli iliingia uwanjani imejaa matope, na juu yake Lukali. Alikuwa ameomba likizo. Nilisimama mlangoni nikamzuia. Aliniomba nimpishe, sikumpisha, mpaka yaya aliposema ndani, "Feza, mugeni haachwi juani." Lukali aliingia, hakukaa. "Assani, sikuleta dawa. Kabati halikufunguka. Iko tu bomba la sindano na mikono yangu. Nimekuja kuomba samahani." Yaya alitazama lile bomba. Kisha akaniambia mimi, "Chemsha maji."

"Yaya, ni maji tu." "Nani hajui? Weye mwenyewe uliniambia. Tia na chumvi, sombe yako haijawahi kuwa nayo." Bibi akashika mdomo. Mimi nilienda jikoni kwa hasira nikachemsha, nikayaacha yatokote sana, nikatia chumvi, nikayaleta yamefunikwa, na Lukali alichemsha bomba lake mbele yetu sote. Kisha akaketi ukingoni mwa kitanda. "Hii ni maji, Assani," alisema. "Ameyachemsha dada yako. Hamna kingine ndani. Yanaingia hapa, yanashuka polepole. Kwanza utasikia joto." Aliendelea mpaka mwisho, mpaka kwenye vidole, mkono wake begani. Nami nikaona tena kunjo zinalegea, moja baada ya nyingine. Lukali alinichukua vidole vyangu akaviweka kwenye kifundo cha mkono wa yaya, nikasikia moyo unatulia. Yaya alilala mpaka mbuzi waliporudi.

Ndipo hasira yangu ilipopata mwenyewe, na haijamwacha. Maana hata ule uongo haukuhitajika! Bwana Hapana angeweza kusema: ni maji, ufunguo sitoi, lakini kaa naye. Asingepungukiwa na kitu. Alichukua imani ya mtu, kitu pekee kilichokuwa kinamsaidia yaya katika chumba kile, akaifanya ushahidi dhidi yake.

Lukali alirudi tena na tena, kila alipopata ruhusa, na kila mara alisema ni maji, na kila mara yaya alilala. Hakupona. Alikufa kabla mpunga haujavunwa, mchana, mlango uko wazi. Siku ile ya mwisho Lukali alimuuliza akiwa anafunga mfuko, "Umesikiaje?" Yaya akajibu, "Nimepona." Kama ilikuwa heshima au ilikuwa kweli, mimi sijui, na atakayeniambia kwamba ilikuwa uongo atatoka nyumbani kwangu bila viatu.

Mjukuu wa Lukali amenitumia salamu kwamba atakuja kuuliza alinikosea nini. Aje. Nitampa kiti, nitampa wali na sombe yenye chumvi ya kutosha, nitamwambia: ndiyo, babu yako alipiga maji. Mara ya kwanza aliamriwa, mara ya mwisho aliombwa. Ukisimulia tena mbele ya watu, anza na ile ya mwisho, taja jina la Assani, na usicheke.